UFUNGUO WA MASIJALA YA WILAYA

Mara nyingi wanafunzi wameniuliza, "Mwalimu, mbona kila Ijumaa jioni unakaa peke yako chini ya mkorosho ule wa nyuma ya maabara, umeinamia kishikwambi kama mtu anayesoma barua ya mbali?" Wengine wamedhani kuwa natazama mpira. Si mpira. Mimi ndimi mwalimu wa takwimu wa shule yetu, na chini ya mkorosho ule ndipo mtandao wa simu unapopatikana vizuri kuliko mahali pengine katika uwanja wetu. Pale nafungua majalada ya wilaya yaliyo mjini Ruangwa, na mengine yaliyo mbali kuliko Ruangwa. Nasoma, naandika, nafunga, kisha narudi nyumbani.

Katika makala haya nataka kuwaeleza kwa maneno mepesi jinsi jambo hili linavyowezekana, faida zake, na hatari zake. Hatari nitaieleza kwa kisa changu mwenyewe, ingawa kisa hicho hakinipi sifa.

Masijala ni nini?

Kila ofisi kubwa ya Serikali ina chumba kiitwacho masijala. Humo hukaa majalada yote, na mlinzi wake ni karani wa masijala. Mtu akitaka jalada hawezi kuingia tu na kujichukulia. Humwomba karani. Karani kwanza humtazama kama anamjua. Pili, huangalia kama mtu huyo ana ruhusa ya kulisoma jalada lile. Tatu, huandika katika daftari jina lake, namba ya jalada, na siku aliyolichukua. Wanafunzi, yashikeni vema mambo hayo matatu, maana nitayarudia: kukutambua, kukuruhusu, na kukuandika.

Wazazi wetu wanakumbuka kuwa kabla ya mwaka 1995 Ruangwa haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, na majalada yetu yalikaa huko. Mwalimu aliyetakiwa kupeleka hesabu ya wanafunzi alijaza fomu kwa mkono, akatia karatasi ya kaboni ili apate nakala, akafunga safari. Akifika na kukuta jumla moja haikubaliani na nyingine, alirudi nazo. Wakati wa masika, mto ukijaa, fomu zilingoja mto upungue. Hata baada ya wilaya yetu kuzaliwa, mambo yaliendelea hivyo kwa miaka mingi, tofauti ikiwa tu ni urefu wa safari.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014, uliihusisha mikoa kadhaa, Lindi ukiwa mmojawapo, na walimu wakuu wa shule za msingi wakapewa vishikwambi vya kupelekea taarifa za shule zao. Mwaka 2017 ulikuja mfumo wa FFARS, ambao shule na zahanati huandikia humo fedha zilizoingia na zilizotumika. Baraza la Mitihani nalo lina mfumo wa PReM, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake inayomfuata aendako. Na baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu wapewe walimu. Hivyo masijala, ambayo zamani ilikuwa chumba, sasa ina milango mingi, na mmojawapo uko chini ya mkorosho wetu.

Kwa nini jambo hili litujali?

Huenda mzazi akasema, "Hayo ni mambo ya walimu. Mimi shamba langu la ufuta lanitosha." Hapana, mzee wangu. Tazama mfano huu.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya sekondari iliwekwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Nusu yake, yaani shilingi 12,500, ilikuwa ya kuja katika akaunti ya shule, na nusu nyingine ilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Fedha hizo hupigiwa hesabu kwa idadi ya wanafunzi iliyomo katika kumbukumbu. Basi, kwa kiwango hicho, mwalimu wa takwimu akisahau wanafunzi 10 tu, shule imepoteza shilingi 125,000 kwa mwaka mzima. Hizo ni katoni ngapi za chaki? Ni kemikali kiasi gani za maabara? Na wanafunzi wale 10 wapo darasani, wanakaa juu ya madawati na kula chakula cha mchana kama wenzao.

Mfano wa pili. Mwanafunzi wa kidato cha nne jina lake limeandikwa "Hamisi" katika kumbukumbu, na "Hamis" katika cheti chake cha kuzaliwa. Herufi moja tu. Lakini herufi hiyo itamsumbua siku atakapoomba mkopo wa chuo, na siku atakapoomba kazi. Zamani, kulisahihisha jina hilo kulitaka safari na siku mbili za kazi. Leo, mwalimu mwenye ruhusa aweza kuliona kosa mapema, akamwuliza mzazi, akalirekebisha kabla ya mlango wa usajili kufungwa.

Mfano wa tatu ni mwanafunzi anayehama. Mtoto ametoka Kilwa kumfuata baba yake huku. Kwa ile namba yake, shule anayotoka humwachilia na shule anayoingia humpokea, na habari zake humfuata pasipo bahasha. Kama hakuna mwalimu wa kuufungua mfumo, mtoto huyo anaweza kukaa darasani miezi mitatu ilhali katika vitabu vya Serikali bado yuko Kilwa.

Jinsi inavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kuwa majalada yamo ndani ya kishikwambi changu. Hayamo. Kishikwambi ni kama dirisha tu. Majalada yenyewe yamo ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Baadhi ya seva hizo zimo katika jengo la Halmashauri, na nyingine zimo katika vituo vikubwa vya Serikali mbali na hapa.

Ninapoandika ombi langu, kwanza linapita hewani mpaka kwenye mnara wa simu. Kutoka huko huingia katika nyaya za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Nyaya hizo ndani yake zina nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Wanafunzi wa Fizikia wanajua kuwa mwanga ndani ya kioo huenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde moja. Basi safari ya kilometa 1,000 huchukua sehemu 5 tu za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Mkichoka kuningoja chini ya mkorosho, jueni kwamba anayechelewesha kazi si mwanga. Ni mnara unaogawana watu wengi, na ni vidole vyangu.

Lakini je, njiani hakuna mtu awezaye kuisoma barua yangu? Yupo, kama ningeituma wazi. Kwa hiyo kabla maneno hayajatoka katika kishikwambi husimbwa, maana yake huvurugwa kwa hesabu maalumu, na seva peke yake ndiyo yenye hesabu ya kuyapanga tena. Mtu akiyadaka njiani hupata takataka ya herufi. Alama yake ni zile herufi "https" mwanzoni mwa anwani. Ile "s" ya mwisho ndiyo ya usalama. Isipokuwapo, usiandike siri yako humo. Hata ikiwapo, usome jina lote la anwani, maana mwizi naye aweza kujenga duka bandia na kulitia kufuli nzuri.

Karani asiye na macho

Sasa turudi kwa yule karani wetu. Seva nayo hufanya mambo yale yale matatu, ila haina macho. Haimjui mtu kwa sura wala kwa sauti. Basi inamjuaje?

Kwanza, kukutambua. Seva humtambua mtu kwa jina la akaunti yake na kwa nywila, yaani neno la siri. Desturi hii ina umri wa kutosha. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, wakiongozwa na Fernando Corbató, walionyesha kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu, na katika mfumo huo kila mtu akawa na neno lake la siri. Haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mtafiti mmojawapo, Allan Scherr, aliyeona saa alizopewa hazimtoshi, alipata njia ya kuiamuru kompyuta ichape orodha ya maneno yote ya siri, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Mnaona basi kwamba kufuli na mwizi walizaliwa karibu siku moja.

Nywila nzuri ni ipi? Tufanye hesabu. Nywila ya tarakimu 4 ina namna 10,000 tu. Mashine yenye kubahatisha mara 1,000 kwa sekunde itazimaliza kwa sekunde 10. Na kama umetumia mwaka wako wa kuzaliwa, hata mashine haihitajiki, jirani yako atabahatisha kwa kidole. Nywila ya herufi ndogo 8 zilizochanganywa ovyo ina namna zaidi ya bilioni 208, na mashine ile ile itahitaji zaidi ya miaka 6. Ongeza herufi moja tu, na miaka inazidishwa mara 26, ikawa zaidi ya 170. Kwa hiyo urefu ndio nguvu. Maneno manne yasiyohusiana, uliyoyachagua mwenyewe, hushinda jina la mtoto wako lenye namba moja mwishoni.

Hata hivyo nywila huibiwa. Ndiyo sababu mifumo iliyo makini huongeza kitu cha pili, yaani namba inayofika katika simu yako au inayotolewa na programu, ambayo aghalabu hubadilika kila sekunde 30. Mwizi akiipata nywila yako bila simu yako, amepata nusu ya ufunguo. Kwa hiyo mtu akikupigia simu na kusema, "Mimi ni wa ofisi kuu, nitajie namba iliyoingia sasa hivi," mkatie. Ofisi ya kweli haikuombi namba hiyo.

Pili, kukuruhusu. Kuingia ndani ya nyumba hakumpi mtu haki ya kufungua kila kabati. Mwalimu wa takwimu huona wanafunzi wa shule yake, si wa shule jirani. Mhasibu huona fedha. Mkuu wa shule huona yote ya shule yake. Afisa Elimu huona shule zote za wilaya. Na mtu akihama kazi, ufunguo wake hauna budi kufungwa siku ile ile. Haifai kungoja mpaka watu wamkumbuke.

Tatu, kukuandika. Kila nilichofungua, kila nilichobadili, na saa niliyokibadili, seva huandika katika daftari lake. Watu wengine huliona jambo hili kuwa ni upelelezi. Mimi naliona kuwa ngao yangu. Alama ya mtoto ikibadilishwa nami sikuibadilisha, daftari lile litanitetea. Lakini litanitetea kwa sharti moja tu: kwamba akaunti yangu naitumia mimi peke yangu.

Handaki au dirisha?

Ziko njia mbili za kumfikisha mwalimu penye majalada. Njia ya kwanza ni ya dirisha. Mfumo huwekwa katika intaneti, kila mtu ana akaunti, naye huona kile tu kilichowekwa dirishani kwa ajili yake. Mifumo mingi niliyoitaja ni ya namna hii.

Njia ya pili ni ya handaki, nayo hujulikana kwa herufi VPN. Tuseme Halmashauri ina kompyuta yake ya ndani, yenye barua, mihtasari ya mikutano na ramani za majengo, na kompyuta hiyo inafikiwa tu na walio ndani ya jengo. Afisa TEHAMA aweza kumchimbia mwalimu handaki la siri, hata mwalimu akiwa Likunja kompyuta yake ikahesabiwa kama imo ndani ya jengo lile. Ni njia nzuri, ila ina jambo la kuogopwa. Mwenye handaki amekwisha kuingia ndani. Kishikwambi chake kikiwa na virusi, au kikiibwa kikiwa wazi, mgeni naye hupita humo humo. Kwa hiyo kanuni ya busara ni hii: mtu apewe kabati analolihitaji, asipewe nyumba nzima. Wala mtu asijichimbie handaki lake mwenyewe. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa zake. Handaki la kazi lichimbwe na ofisi.

Iko na njia ya tatu, ambayo siihesabu kuwa njia, lakini ndiyo inayotumika sana. Mtu hupiga picha orodha ya wanafunzi na kuituma katika kundi la WhatsApp, au huibeba katika flashi na kuiacha katika kila kompyuta anayopita. Hapo hapana karani. Hakuna anayetambuliwa, hakuna anayeruhusiwa, na hakuna anayeandikwa.

Kosa langu

Sasa nieleze kile kisa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nikifundisha katika shule nyingine, mkoa mwingine. Novemba 2021 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, waweza kurudi shuleni. Tulitakiwa kutengeneza orodha ya wote walioacha shule, pamoja na sababu zao. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Mimi, kama ilivyo desturi ya wengi, nilianza Alhamisi.

Kijijini mtandao ulikataa. Nikapanda pikipiki mpaka mjini, nikaingia katika duka la steshenari. Watu walikuwa wengi. Kijana wa pale, mwenye adabu, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Niachie tu nywila yako nikuingizie, wewe kapate chai." Nami nikaiandika juu ya kipande cha karatasi nikampa. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Nakala ya kwanza ilikuwa imepakaa wino, akaitupa katika boksi la karatasi mbovu, akanichapia nyingine safi. Nilimlipa, nikamshukuru, nikaondoka nimefurahi.

Wiki mbili baadaye mama mmoja alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yangu, akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa kama pia, bado ina maganda mekundu ya karanga. Akaikunjua, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. "Mwalimu," akasema, "huyu ni mwanangu. Na hili neno mbele ya jina lake, wamelisoma watoto wa stendi nzima. Mwandiko huu wa pembeni si wako?"

Ulikuwa wangu. Karatasi mbovu za duka lile ziliuzwa kwa kilo kwa wauza karanga.

"Nisamehe, mama," nikasema. Sikuwa na neno lingine.

"Alikuwa amekwisha kushona sketi," akajibu. "Alikuwa arudi Jumatatu."

Hakurudi. Alihamia kwa shangazi yake katika wilaya nyingine, nami katika orodha yangu niliandika neno moja mbele ya jina lake: "Amehama." Nywila yangu niliibadili jioni ile ile, lakini karatasi iliyokwisha kusomwa haibadilishwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikumlaumu kijana wa duka, maana hakuapa kiapo chochote cha kuwatunza wanafunzi wangu. Aliyepewa dhamana ni mimi.

Tangu siku hiyo, napendelea kukaa chini ya mkorosho mpaka giza liingie kuliko kumpa mtu mwingine ufunguo wangu.

Sheria yasemaje?

Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo, na zilindwe. Habari za watoto zimewekwa katika kundi la habari nyeti. Kadhalika humpa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kilicho kibaya kisahihishwe. Kabla yake ilikuwapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kwayo ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini. Wanafunzi wanaojisifu kuwa wanaijua nywila ya mwalimu fulani wayafikiri maneno haya kabla ya kuijaribu.

Siku mtandao ulipolala

Tusidhani kuwa mtandao ni mwamba. Mwezi wa Mei 2024 ulitufundisha. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga na mahali pengine. Barabara haijapona vizuri, tarehe 12 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Katika wiki mbili hizo, mtu mwenye fomu za karatasi hakuweza kupita, na mtu mwenye kishikwambi alitazama duara likizunguka.

Fundisho lake ni rahisi. Daftari la mahudhurio la karatasi lisitupwe. Takwimu zikusanywe mapema, ziwekwe tayari, ili mtandao ukirudi kwa nusu saa zipelekwe. Na seva nayo iwe na nakala zake mahali pengine, maana jalada lenye nakala moja ni jalada linalongoja kupotea.

Namba na udongo

Liko jambo moja ambalo hakuna nywila iwezayo kulilinda, nalo ni ukweli wa namba yenyewe. Hapa kwetu tuna ushahidi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mipango ilifanywa kwa haraka, bila kuujua vizuri udongo wala mvua za mahali. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimepotea. Reli iliyojengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea nayo ikafungwa mwaka 1962, na leo wazee ndio wanaotuonyesha ilikopita.

Aliye mbali huona kile tu alichoandikiwa. Afisa akifungua jalada letu akiwa Ruangwa, Lindi au Dodoma, haoni dawati lililovunjika wala mtoto anayetembea saa mbili kuja shuleni. Huona namba. Nikimwandikia kuwa madawati yapo, hataleta madawati. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni sisi tulio hapa.

Kila mtu na sehemu yake

Walimu wenzangu, kila mmoja awe na akaunti yake. Tusiandike nywila ubaoni wala nyuma ya kalenda ya ofisi. Tukitumia kompyuta ya watu wengi, tutoke kabisa katika akaunti kabla ya kuinuka kitini. Kishikwambi kikipotea, tutoe habari siku ile ile, tusione haya, maana kila saa ya kuficha ni saa ya mwizi.

Wazazi, mnapoletewa fomu ya majina, isomeni herufi kwa herufi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mkiwa na mashaka juu ya kilichoandikwa kuhusu mtoto wenu, njoni shuleni mkiulize. Ni haki yenu.

Wanafunzi, mwalimu akigeuza kishikwambi chake mnapopita, msidhani anawadharau. Humo mna habari zenu. Mna alama zenu, mna majina ya wazazi wenu waliofariki, mna maradhi ya mmoja na karo ya mwingine. Anavificha kwa ajili yenu.

Ijumaa ijayo mtaniona tena chini ya mkorosho. Mkitaka kuniuliza kama jina lako limeandikwa sawasawa, njoo, lakini uje peke yako, na usimame upande ule mwingine wa meza. Nitakusomea mstari wako. Mistari ya wenzako nitaifunika kwa mkono.